Pampu ya Gari la Mkunga Hilaria

Tambunan,
5 Machi 2018

Kwa Binti Verina Chong,
Gereji ya Chong, Donggongon.

Tumsifu Yesu Kristo.

Naomba radhi, kwanza kwa kukuandikia bila kujulishwa kwako na mtu yeyote, na pili kwa kutumia karatasi ilhali watu wa rika lako hutumia simu. Simu na mimi hatupatani. Barua hii itakufikia kwa mkono wa Gusti, dereva wa lori la tangawizi, ambaye amenihakikishia kwamba hupita mlangoni pako kila anaposhuka sokoni, na kwamba wewe humtolea maneno makali kwa sababu ya namna anavyoegesha.

Jina langu ni Severinus Majingkin. Nilikuwa karani wa mahakama ya mila hapa wilayani hadi nilipostaafu. Huenda hunifahamu, lakini nadhani unamkumbuka marehemu mke wangu, mkunga Hilaria, aliyekuwa na lile gari dogo jeupe, Kancil. Ni marehemu baba yako aliyeliondolea injini yake ya kiwandani na kulitia nyingine yenye tabo ya kuongeza nguvu, mtumba wa Kijapani, pamoja na pampu kubwa ya petroli ya kununua dukani, ili Hilaria awawahi kina mama waliokuwa wakijifungua huko vilimani. Katika maisha yangu nimeona kazi chache za mikono zilizostahili heshima kama ile. Watoto wengi wa wilaya hii walizaliwa mbele ya mkunga kwa sababu baba yako alijua kufunga injini.

Sasa gari limepata ugonjwa. Kwa safari fupi haliugui kamwe. Lakini likienda mwendo mrefu, hasa likishaivuka Ranau kuelekea Sandakan, nguvu hulitoka taratibu kama mtu anayesinzia katikati ya rozari, kisha husimama kabisa. Likipumzika kivulini huwaka upya kana kwamba halikufanya kosa lolote. Mara ya mwisho lilisimama konani, na nyuma yetu palikuwa na lori la mawese. Dereva alitoa kichwa akasema maneno ambayo mwanangu Fabian alinirudilia baadaye, kwa sauti ya juu: “Mzee, hilo ni gari au friji? Lisukume watu tupite!”

Fabian aliona aibu kubwa. Marehemu aliliandikisha gari kwa jina la Fabian, hivyo ana haki ya kuamua, nami siipingi. Ameamua hivi: likifa barabarani mara moja tu zaidi, atamwuzia bwana mmoja wa Papar ambaye amekuwa akilitamani. Safari iliyo mbele yetu ni ya Sandakan, tarehe 24 Juni, ambapo dada yangu, Sista Ludovika, atatimiza jubilei ya nadhiri zake. Fabian atakaa kando yangu na kushuhudia.

Binti Verina, sina kitu kingine cha Hilaria kinachotembea. Nakuomba, kama nafasi inakuruhusu, uniambie nifanye nini. Nimemkabidhi Gusti chupa ya achari ya tuhau, ile tangawizi ya mwituni. Samahani kwa harufu.

Mimi, mwenye kukuheshimu,
Severinus Majingkin


Donggongon
9/3/2018

Aki Severinus, babu yangu, shikamoo!

Barua yako nimeisomea juu ya boneti ya mteja, mikono yote grisi, ndiyo maana karatasi hii imechafuka. Usiombe radhi bwana. Tuhau imefika, vijana wa gereji wamekimbia nje wote, mimi nikala peke yangu na wali.

Nimepiga ile namba iliyokuwa kwenye jalada la baba mpaka nimechoka. Inaita tu. Gusti akanicheka: “We moi, msichana wewe, Aki hapokei simu hata akipigiwa na Askofu. Andika.” Basi naandika. Tangu shule sijaandika barua, Aki, univumilie.

Mama Hilaria nisimkumbuke? Alikuwa anaingia hapa na gauni lake la kazi, anampigia baba kelele kabla hajazima gari: “Chong! Umenipa gari linapanda mlima kama bibi aliyebeba gunia!” Baba anajibu, “Mama, ukitaka ndege nenda uwanja wa ndege!” Halafu wanakunywa kahawa. Mimi nilikuwa mdogo, ananikalisha kwenye kiti cha dereva. Nilijua tangu siku ile nataka kufanya nini.

Sasa tuingie kazini. Gari kupoteza nguvu safari ndefu, likapumzika likawaka, hapo mimi nasema presha ya mafuta inashuka. Lakini kwa nini? Naomba unijibu sawasawa:

Linapoanza kuchoka, unasikia mlio kutoka chini ya kiti cha nyuma? Kama mbu aliyefungiwa kwenye kopo. Pampu ikikosa mafuta inalia hivyo, inaanza kidogo halafu inazidi. Huo mlio ndio shahidi wangu mkuu.

Na je, tangi huwa lina mafuta linapozima?

Ukishanijibu najua pa kushika.

Mjukuu wako,
Verina


Tambunan,
16 Machi 2018

Kwa Binti Verina,

Tumsifu Yesu Kristo.

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko ilivyo adabu kukiri, hasa ile sehemu ya gunia. Nimemsikia Hilaria ndani yake. Ahsante sana.

Nayajibu maswali yako kama shahidi aliyeapa. Kuhusu tangi: halijawahi kukauka, wala mshale haujawahi kugusa alama nyekundu. Mafuta yamekuwamo kila mara. Siyo tabia yangu kutia mafuta kwa pupa, lakini pia sijawahi kulinyima gari haki yake. Kuhusu mlio: sikusikia mlio wowote, si mara ya kwanza wala mara zilizofuata.

Natumaini majibu haya yanakutosha. Nitalileta gari kwako wiki ijayo. Gusti amekubali kunifuata nyuma na lori lake hadi tutakapoushuka mlima, japo amesema, nami namnukuu kwa kuomba radhi, “Aki, ukizima mbele yangu nakusukuma na bampa mpaka Donggongon.”

Nawapa pole vijana wa gereji kwa yaliyowapata.

Severinus Majingkin


Donggongon
2/4/2018

Aki,

Gari lako linarudi na barua hii. Nimefurahi nalo kama mtoto!

Kwa vile pampu haikulia na tangi lilikuwa na mafuta, nikajua tatizo si mafuta, ni umeme. Pampu ile inakula umeme mwingi na baba aliiacha kwenye waya za kiwandani, nyembamba kama uzi wa kushonea. Nimevuta waya mpya nene kutoka kwenye betri. Na ile pampu nimeona imezeeka, nikaweka nyingine, kubwa zaidi ya ile. Aki, hiyo inaweza kulisha gari la mashindano! Nimepima presha hapa gereji, sindano imetulia kama maji ya mtungi. Nimezunguka nalo mjini, nimepanda nalo kilima cha hospitali, tabo inaitika vizuri mpaka polisi wa barabarani amenisimamisha kuuliza kuna nini humo ndani. Nikamwambia, “Kuna mkunga.” Hakuelewa.

Fabian akae na mtu wake wa Papar. Hili haliuzwi.

Verina


Tambunan,
20 Aprili 2018

Kwa Binti Verina,

Naandika barua hii kwa mkono mzito, na ningekuwa na namna ya kuikwepa ningeikwepa.

Jana nilitoka peke yangu kujaribu gari, bila kumweleza mtu. Kabla hata sijaiona Ranau, nguvu zikaanza kulitoka, mapema kuliko zamani, na likafa kwenye mteremko ulio karibu na mashamba ya kabichi. Nilikaa ndani nikiwa nimeshika usukani. Nilimwomba Hilaria radhi. Kisha nikakuomba wewe radhi, ingawa hukuwapo, kwa sababu kazi uliyoifanya ni nzuri mno: nyaya zimenyooka, vifungo vyote vimepangwa kwa mstari, hata nilimwonyesha padri wetu, naye akasema hajaona unadhifu kama huo nje ya sakristia. Nisingependa ufikiri kwamba kuna mtu yeyote huku anayekulaumu.

Gusti ndiye aliyenikuta. Gusti, kwa bahati, husema kwa sauti inayoweza kuamsha kijiji kizima.

“Aki! Unafanya nini hapa? Unauza gari?”

“Nalipumzisha,” nikamwambia.

“Unalipumzisha au limekupumzisha? Fabian anajua?”

“Hajui. Nami nakuomba, kama inawezekana...”

“Aki, mimi nabeba tangawizi. Habari za watu sibebi. Lakini fanya haraka, maana mdomo wangu una breki mbovu kuliko lori hili.”

Sijui la kufanya. Jubilei inakaribia. Tafadhali usijisumbue zaidi, umeshafanya mengi.

Severinus Majingkin


Donggongon
24/4/2018

Aki,

Usiniambie nisijisumbue. Sijalala vizuri tangu Gusti alete barua.

Jumamosi napanda na lori lake. Nitakaa ndani ya gari na wewe tuelekee Ranau. Usilioshe, usiliguse, usilitie kitu. Liendeshe kama unavyoliendesha siku zote. Mimi nitakuwa abiria tu, na geji yangu ya presha mapajani.

V.


Donggongon
30/4/2018

Aki wangu,

Juzi niliporudi nilikuwa kimya sana, nikaona bora niandike kuliko kusema. Kwenye barua mtu anamaliza sentensi.

Niseme kwanza hili: sijawahi kukaa kwenye gari na dereva mzuri kama wewe. Kona zote zile na hujanitingisha hata mara moja. Unaangalia vioo kama mtu anayesoma gazeti, ukurasa wa kushoto, wa katikati, wa kulia, halafu unaanza upya. Sasa najua kwa nini.

Tulipopita daraja lile la pili, mbu akaanza. Aki, alikuwa analia! Si kidogo. Nikakuuliza, “Aki, hii sauti huwa inalia hivi siku zote?”

Ukaniambia, kwa utulivu kabisa, “Naam, zamani yote haya yalikuwa msitu. Kabichi zimekuja juzi.”

Nikafikiri unanitania. Nikauliza tena. Ukanihadithia habari za mzungu mmoja wa misheni aliyeleta mbegu. Wakati huo pampu inapiga kelele mpaka mimi nataka kuziba masikio, sindano ya geji yangu inaanguka, na wewe unatabasamu unatazama barabara. Mara ya tatu nikauliza nikiwa nimegeuza uso dirishani, makusudi. Hukunijibu kabisa.

Halafu gari likafa, ukaniomba radhi.

Uliniandikia kwamba hukusikia mlio wowote. Hukudanganya. Ni mimi sikujua kwamba husikii. Sikulaumu hata chembe, lakini kwa jibu lile nilitafuta mwizi kwenye nyumba isiyo yake.

Sasa ugonjwa wenyewe ni huu. Pampu kubwa inasukuma petroli nyingi kuliko injini inayoweza kunywa. Inayobaki inarudi tangini ikiwa imeshapita kwenye injini na kupata moto. Inazunguka hivyo hivyo njia nzima. Tangi likiwa limejaa, joto linapotelea humo. Tangi likiwa na mafuta kidogo, ni chai ile ile unaichemsha tena na tena. Mwisho petroli inatoa mvuke, pampu inavuta mapovu, presha inashuka, kwisha habari. Ikipoa, gari linawaka. Nilipofungua tangi lako nikakuta robo tu, na Gusti akaniambia, “Aki siku zote anaweka kidogo, wale wa sheli wanamtania.” Mama Hilaria alikuwa hawezi kuiona sheli akaipita. Mkunga hajui ataitwa wapi, anajaza. Ndiyo maana kwake halikufa hata siku moja.

Na mimi nikaja nikakuwekea pampu kubwa zaidi, inayochemsha haraka zaidi. Nilifurahia nguvu nikasahau kufikiri. Kosa langu hilo ni la mchana kweupe.

Nitakachofanya: naweka pampu ndogo inayolingana na ile injini. Nahamisha bomba la kurudisha mafuta lisipite karibu na moto. Na kwenye dashibodi, mbele ya macho yako, nakuwekea sindano ya presha na taa nyekundu. Presha ikianza tu kushuka, taa inawaka. Yule mbu hutamsikia, Aki, lakini utamwona.

Fabian sitamwambia habari ya masikio. Siyo yangu kuisema. Ni yako.

Nimempa Gusti jogoo. Ni sogit yangu kwako, fidia ya kimila ya kosa, kwa kukuacha barabarani. Najua wewe ndiye uliyekuwa ukiandika hukumu za sogit wilaya nzima, ukiona jogoo ni mdogo, sema.

Verina


Tambunan,
4 Mei 2018

Kwa Binti Verina, mjukuu wangu,

Tumsifu Yesu Kristo.

Jogoo amefika salama na ameanza kuwatawala wenyeji. Si mdogo. Ila imetokea hali ambayo katika miaka yote ya ukarani wangu sikuikuta. Siku ile ile ulipokuwa unaiandika barua yako, mimi nilikuwa nimekwisha kumpa Gusti tetea wa kahawia akuletee, iwe sogit yangu kwako, kwa kuwa nilikunyima ukweli ulipokuja kuutafuta kwa nia njema. Kwa desturi mkosaji mmoja hulipa ili kupoza moto kati yake na mwenzake. Hapa wamelipa wote wawili, na aliyekosewa hayupo. Sina hakika mahakama ingeandika nini. Gusti ametoa hukumu yake mwenyewe: “Jogoo anapanda, tetea anashuka, wote wamenichafulia kiti. Mnanilipa nini mimi?”

Umeniandikia kwa upole ambao sikuustahili, nami nitakueleza. Masikio yameniondoka kidogo kidogo tangu mwaka aliougua Hilaria. Yeye alijua. Alikuwa akinigusa kabla ya kusema, na watu hawakutambua. Alipofariki hapakuwa na wa kunigusa, nikajifunza kutazama midomo na kujibu kwa makisio, kama ulivyoshuhudia kwa habari za kabichi. Nilihofu kwamba Fabian akijua atachukua funguo siku hiyo hiyo, na mtu wa Papar hatahitajika hata kusubiri.

Kuhusu tangi, mabradha wa misheni walitulea tuchote kinachoitosha siku na kumwachia mwingine kilichobaki. Nimeishi hivyo kwa wali, kwa karatasi na kwa petroli. Aidha, sipendi kuwaweka watu kwenye foleni nyuma yangu. Sikujua kwamba unyenyekevu wangu ulikuwa unachemshwa chini ya kiti cha nyuma.

Nimesoma maelezo yako ya ile chai hadi nikayaelewa, na nimestaajabu. Ulikaa kando yangu na geji mapajani, ukayatambua magonjwa mawili kwa safari moja, ule wa gari na wangu, na ukaja na dawa inayofaa yote mawili. Na zaidi ya ustadi huo nalistahi jambo jingine: uliandika “kosa langu” bila kulizungushia maneno. Nimewaona wakubwa wengi mbele ya mahakama wakishindwa kufanya hivyo.

Fabian nitamwambia. Baada ya jubilei. Najua unavyoitazama sentensi hiyo. Naomba radhi.

Severinus


Kota Kinabalu
11 Juni 2018

Dada Verina,

Mimi ni Fabian Majingkin, mtoto wa Aki Severinus. Nimesikia kwa Gusti kwamba umeshughulikia gari la mama, na kwamba ulilipanda mwenyewe. Nimepita gereji mara mbili sikukukuta, nikaona niache barua kwa vijana wako, maana nasikia siku hizi ndiyo mtindo wenu.

Mimi si adui wa hilo gari. Nililelewa kwenye kiti chake cha nyuma. Lakini nina baba mmoja, na sitaki nipigiwe simu siku moja kwamba amekufa konani mbele ya lori. Naomba uniambie ukweli kama fundi: litafika Sandakan? Na jingine: kuna kitu baba ananificha? Ananijibu vitu havieleweki. Nikimwuliza habari za dawa ananijibu habari za misa.

Fabian


Donggongon
13/6/2018

Kaka Fabian,

Gari nalijibia mimi. Nimelipeleka mpaka Telupid, njia ya Sandakan, na kurudi na mizigo ndani, jua kali, presha haikutikisika. Kuna sindano na taa kwenye dashibodi. Taa ikiwaka, lazima gari lisimame, lipoe, lijazwe. Likiendeshwa hivyo litafika. Asiyetii taa litamfia, hata awe bingwa wa mashindano.

Baba yako ajijibie mwenyewe. Panda naye. Usilale, usishike simu. Mtazame anavyoendesha, halafu ndiyo uamue.

Verina


Sandakan, nyumba ya masista,
25 Juni 2018

Kwa Binti Verina,

Tumsifu Yesu Kristo.

Nakuandikia kwenye meza ya dada yangu, ambaye amenipa kalamu yake kwa sharti kwamba nikusalimie na kukuambia kuwa anakuombea, wewe na vifaa vyako vyote. Tumefika. Naomba radhi kwa kulitoa neno hilo mapema. Nilihofu kwamba ungeruka mistari kulitafuta.

Tuliondoka Tambunan alfajiri. Ranau nilijaza tangi hadi pampu ya kituo ikakataa yenyewe. Wahudumu walishangaa, na mmoja alisema jambo ambalo wenzake walilicheka. Fabian hakucheka. Tangu nyumbani alikuwa ameweka mikono magotini, akinitazama mimi kuliko barabara. Mwanzoni alizungumza. Niliona midomo kwa pembe ya jicho, nikajibu mara mbili kwa makisio, na mara ya pili akakunja uso kwa namna ambayo ilinionyesha kwamba nimekosea.

Baada ya Telupid barabara ilikuwa inachimbwa. Tulikaa katikati ya malori ya mawese, injini ikinguruma, jua likiwa juu yetu, tukisogea kwa urefu wa gari moja na kusimama tena. Hapo foleni ilipofunguka, malori yakaanza kukimbia, nasi kati yao. Nikaiona taa yako ikipepesa. Kisha ikawaka kabisa.

Nilitazama vioo, nikatoa ishara, nikaliingiza gari pembeni penye changarawe, nikalizima.

Fabian alinigeukia. Safari hii nilimwona vizuri.

“Baba, mbona unasimama? Gari liko sawa! Lilikuwa linavuta vizuri!”

Nikamwonyesha taa. Akaitazama. Nikarudisha ufunguo hatua moja ili pampu izunguke bila injini, kama ulivyonifundisha, naye akainamisha kichwa kuelekea kiti cha nyuma, akatulia, na uso wake ukabadilika.

“Inalia,” akasema. “Inalia kweli. Mimi nimekaa hapa muda wote sikuisikia, kwa makelele ya malori. Wewe umeisikiaje?”

Binti Verina, lilikuwapo jibu rahisi. Ningesema “uzoefu,” naye angeridhika. Lakini alikuwa ameniuliza kama ulivyoniuliza wewe Machi, na nilijua tayari gharama ya kujibu kwa makisio.

“Sikuisikia,” nikamwambia. “Sisikii, Fabian. Tangu mama yako alipoanza kuugua. Nimeiona.”

Malori yalipita, na kila lilipopita gari letu dogo lilitikisika. Nilitoa ufunguo nikauweka juu ya dashibodi, katikati yetu, kwa kuwa sikutaka aone haya kuniomba. Nikamwambia kwamba gari ni lake kisheria, kwamba uamuzi wake wa Machi ulikuwa wa haki, na kwamba kama anaona lazima, mtu wa Papar na aitwe.

Fabian aliutazama ule ufunguo. Kisha akanigusa bega, nami nikamgeukia.

“Nilisema likifa barabarani,” akasema, polepole, akiifungua midomo vizuri. “Halikufa. Umelisimamisha wewe kabla halijafa. Mimi mwenye masikio ningeendelea kuendesha mpaka litufie mbele ya lori lile.” Akafuta uso. “Baba, kwa nini hukuniambia?”

“Nilihofu.”

“Unaniogopa mimi?”

“Naiogopa nyumba isiyo na gari mlangoni,” nikasema, na sijui maneno hayo yalitoka wapi, kwa sababu sikuwa nimeyapanga.

Tulikaa kivulini mwa mti hadi tangi lilipopoa. Tulikula wali uliofungwa kwenye majani, naye akazungumza akinielekezea uso, na kila mara alinigusa kwanza. Amenitaka tuende pamoja kwa daktari wa masikio tutakaporudi, nami nimekubali bila masharti. Gari liliwaka mara moja. Kituo cha kwanza tulichokiona tulijaza tena, na Fabian mwenyewe ndiye aliyeshika bomba. Alipomaliza alisimama kando, akapiga simu, na kwa kuwa alinigeuzia uso niliona kila neno: “Bosi, samahani. Tafuta gari lingine.”

Ibada ya jubilei ilikuwa nzuri. Dada yangu alilia, nami pia. Baada ya chakula masista vijana walitoka kulitazama gari, na Fabian akawafungulia boneti akawaeleza habari ya petroli inayopata moto na tangi na mvuke, kwa maneno yako, kana kwamba aliyagundua yeye. Sikumsahihisha. Nilisimama pembeni nikimtazama, na nilijisikia tajiri.

Kesho tunarudi. Usiku huu Fabian amenijia akiwa na haya kidogo, akaniomba aendeshe yeye, angalau kutoka hapa hadi Telupid, apate kuijua ile tabo aliyokuwa akiisikia kwenye kiti cha nyuma alipokuwa mtoto.

Nilimwomba radhi kwa dhati kabisa, kisha nikamkatalia.

Mimi, mwenye kukuheshimu na kukushukuru,
Severinus Majingkin